KUCHAGUA KINGA YA KUDUMU KWA RANGI YA GARI JEUSI: SOMO KUTOKA ZINGA

Mwishoni mwa somo moja nililoalikwa kulitoa katika shule ya sekondari wilayani Bagamoyo, mwanafunzi wa kidato cha tatu alinifuata hadi mlangoni. Baada ya kuniamkia alinieleza kwamba kwao ni Zinga, na kwamba baba yake anaitunza familia kwa gari moja jeusi ambalo hukodishwa kubeba maharusi. Baba huyo alikuwa amenunua chupa ya dawa ya kulinda rangi kwa fedha iliyolingana na mapato ya harusi mbili. Muuzaji alimwahidi miaka mitano. Kabla ya miezi minne kutimia, boneti na paa vilikuwa vimeingia ukungu wa kijivu, na wateja wawili walikuwa wamekwisha kuchagua gari la mtu mwingine. "Mwalimu," aliniuliza kijana yule, "dawa hizi ni sayansi au ni uganga?"

Siku ile nilimjibu kwa ufupi, kwa kuwa gari la kunirudisha Dar es Salaam lilikuwa likinisubiri. Lakini swali lake lilistahili jibu refu. Ndani yake mna fizikia ya mwanga na joto, mna kemia ya asidi na alkali, na mna hesabu ya matumizi ya fedha. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya walimu na wanafunzi wa sekondari ili wajibu swali hilo wenyewe, kwa vipimo na majaribio, bila kutegemea maneno yaliyoandikwa juu ya chupa.

1. Weusi na joto

Kitu huonekana cheusi kwa sababu hufyonza karibu mwanga wote unaokiangukia. Nishati iliyofyonzwa haipotei. Hugeuka kuwa joto. Katika saa za adhuhuri, mbingu ikiwa haina mawingu, kila mita moja ya mraba iliyoelekea jua hupokea nishati ya wati 1,000 hivi. Rangi nyeusi hufyonza kiasi cha asilimia 90 hadi 95 ya nishati hiyo. Rangi nyeupe hufyonza robo yake tu, au pungufu kidogo. Tukichukua boneti yenye eneo la mita 1.5 za mraba, boneti nyeusi hupokea joto la wati 1,400 hivi. Hicho ni kiasi cha joto kinachoweza kulinganishwa na kile cha pasi ya umeme.

Zinga ipo kiasi cha nyuzi 6.5 kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, yaani mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Katika siku hizo, kama hakuna upepo, bati jeusi lililoachwa juani huweza kufikia nyuzi 70 za Selsiasi au kupita hapo, hata kama hewa yenyewe ina nyuzi 32 tu. Bati jeupe lililo kando yake laweza kuwa chini kwa nyuzi 20 au zaidi. Wanakemia wana kanuni ya makadirio isemayo kwamba mwendo wa mmenyuko wa kemia huongezeka takriban mara mbili kwa kila ongezeko la nyuzi 10. Tukiifuata kanuni hiyo, tofauti ya nyuzi 20 ina maana kwamba kuzeeka kwa rangi kunakoletwa na mmenyuko wa kemia kwaweza kwenda mara nne upesi zaidi katika gari jeusi.

Msomaji aiweke akilini namba hiyo ya nyuzi 70. Tutairudia tutakapopima aina za kinga.

2. Kwa nini gari jeusi huonyesha kila kovu

Uso wa rangi laini huakisi kiasi cha asilimia 4 tu ya mwanga unaouangukia wima. Katika gari jeupe, asilimia hizo 4 hazionekani sana, kwa kuwa rangi iliyo chini hurudisha mwanga mwingi zaidi na kuutawanya kila upande. Katika gari jeusi rangi ya chini hairudishi kitu. Tunachokiona ni ule uakisi wa juu peke yake, kama tunavyojiona katika maji ya kisima kirefu. Ndiyo sababu gari jeusi lililotunzwa hung'aa kama kioo.

Sasa tuukwaruze uso huo kwa mikwaruzo midogo ambayo kucha haiwezi kuihisi. Kila mkwaruzo hutawanya mwanga kidogo. Juu ya weupe, mwanga huo humezwa na mwanga mwingine. Juu ya weusi, hauna mahali pa kujificha. Mikwaruzo elfu ikikusanyika huonekana kama ukungu wa kijivu, au kama utando wa buibui unaolizunguka jua lionekanapo katika rangi.

Hapa tunapata jambo la kwanza ambalo watu wengi hawalijui. Weusi wa gari kwa kawaida hutokana na kaboni, jamaa ya masizi yaliyo chini ya chungu. Kaboni haipauki juani kama vitambaa vipaukavyo. Gari jeusi linapogeuka kijivu, mara nyingi weusi wenyewe ungali mzima. Kilichochakaa ni tabaka angavu lililo juu yake.

3. Matabaka ya rangi

Magari mengi yanayotembea katika barabara ya Dar es Salaam na Bagamoyo yaliingia nchini yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani. Tukilikata bati la gari la namna hiyo na kulitazama kwa hadubini, tutaona matabaka manne juu ya chuma. La kwanza ni rangi ya kuzuia kutu, ambayo kiwandani hupakwa kwa kulitumbukiza bodi katika dimbwi lenye umeme. La pili ni rangi ya kusawazisha. La tatu ni rangi yenyewe, yaani weusi. La nne ni tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo hubeba mng'ao na kupokea mapigo yote.

Tabaka hilo la nne lina unene wa mikromita 40 hadi 50. Mikromita moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita, na unywele wa mwanadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Kwa hiyo uzuri wote wa gari unategemea utando mwembamba kuliko unywele. Ndani ya utando huo mtengenezaji amechanganya kemikali za kumeza miale ya urujuanimno ya jua. Kemikali hizo hupungua kadiri miaka inavyopita, na hakuna dawa ya kupaka juu iwezayo kuzirudisha ndani.

Tufanye hesabu. Gari jeusi likionyesha mikwaruzo, mwenyewe hulipeleka kupigwa polishi. Polishi ni unga laini unaosaga. Tuseme kila mara husaga mikromita 2. Mtu anayepiga polishi ya kusaga kila mwezi atakuwa ameondoa mikromita 24 kwa mwaka mmoja, yaani nusu ya tabaka angavu. Mwaka wa pili ukiisha, jua litakuwa linaupiga weusi moja kwa moja, na rangi itaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka. Gari jeusi laweza kuuawa na mapenzi ya mwenyewe upesi kuliko jua.

Hili ndilo wazo kuu la makala haya: kinga bora ya gari jeusi ni ile inayomwezesha mwenye gari kuligusa mara chache zaidi.

4. Maadui wa pwani

Kabla ya kuchagua kinga ni lazima tuwajue maadui. Pwani ya Zinga ina watano, mbali na jua lenyewe.

Wa kwanza ni chumvi. Upepo utokao baharini, uwe wa kusi au wa kaskazi, huleta matone madogo ya maji yenye chumvi. Chumvi kavu ina tabia ya ajabu: hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 75 au zaidi, hunyonya maji kutoka hewani mpaka ikayeyuka yenyewe. Unyevu wa kiasi hicho ni wa kawaida pwani wakati wa usiku. Kwa hiyo gari lililolala nje huamka limefunikwa na utando wa maji ya chumvi. Chumvi hailili tabaka angavu lililo zima. Huingia palipo na ufa au jeraha na kuharakisha kutu ya chuma. Kinga ya rangi haitibu jeraha hilo. Palipochubuka hadi chuma pahitaji rangi.

Wa pili ni maji ya kisima. Ardhi ya ukanda huu ina mawe ya matumbawe, na maji ya visima vingi hubeba chokaa na chumvi. Tone likikauka juu ya boneti ya moto, maji huondoka na chokaa hubaki kama duara jeupe. Wengine husema kwamba tone hukusanya mwanga wa jua kama lenzi na kuichoma rangi. Sivyo. Mwanga unaopita katika tone lililolala juu ya bati hulenga nyuma ya bati, wala si juu yake. Alama ile ni chokaa, si moto.

Wa tatu ni vinyesi vya ndege, hasa kunguru. Tabaka angavu likipata joto hulegea kidogo, na lipoapo jioni hukaza tena. Kinyesi kikikaukia juu yake, rangi hukaza kwa kulifuata umbo la kinyesi hicho, na asidi zilizomo huongeza madhara. Siku moja ya jua yatosha kuacha alama.

Wa nne ni utomvu wa miti. Dereva akimbiaye jua hulaza gari chini ya mwembe au mkorosho. Kivuli ni kizuri, lakini utomvu wa miti hiyo ni mkali, na wanafunzi waliowahi kuunguzwa midomo na utomvu wa embe changa wanajua. Banda la makuti ni bora kuliko mti.

Wa tano ni mchanga, na mwenzake ni mkono. Punje nyingi za mchanga ni kwatsi, madini ambayo ugumu wake ni 7 katika kipimo cha Mohs, kinachoanza na 1 kwa talki na kuishia na 10 kwa almasi. Hakuna rangi ya gari ifikiayo ugumu huo. Mtu anayefuta vumbi kwa kitambaa kikavu anatembeza msasa juu ya gari lake.

5. Aina tatu za kinga

Mabaharia wa pwani yetu walilijua somo hili zamani. Jahazi hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, katika sehemu inayozama majini, na mbao za juu hupakwa sifa, mafuta yatokayo katika ini la papa. Hakuna nahodha aliyetazamia deheni idumu milele. Chombo hupandishwa pwani, hukwanguliwa, hukauka, kisha hupakwa upya. Deheni huliwa na bahari ili ubao usiliwe. Kinga ya rangi ya gari ina kazi hiyo hiyo: ni tabaka la kupotea badala ya lile tusilotaka lipotee.

Kinga ziuzwazo leo, ingawa majina yake ni mengi, ni za aina tatu.

(a) Nta. Nta ya nyuki, ambayo nchi yetu huivuna kwa wingi katika misitu ya miombo, huyeyuka katika nyuzi 62 hadi 65. Nta ya taa nyingi huyeyuka kati ya nyuzi 46 na 68. Nta ya karnauba, itokayo katika majani ya mti wa jamii ya mitende nchini Brazili, huyeyuka katika nyuzi 82 hadi 86. Tuzikumbuke zile nyuzi 70 za boneti. Nta ya nyuki itageuka kuwa mafuta, itanasa vumbi na kutiririka. Karnauba peke yake ingestahimili, lakini katika kopo huchanganywa na nta laini na mafuta ili ipakike, hivyo mchanganyiko hulegea mapema. Nta huupa weusi kina kizuri cha kupendeza. Juu ya gari jeusi la pwani, hata hivyo, tusitarajie zaidi ya mwezi mmoja au miwili.

(b) Polima. Hizi ni kemikali za kutengenezwa, hasa silikoni zenye vikundi vya amino, ambavyo hushikamana na uso wa rangi. Haziyeyuki kwa joto la boneti. Zikipakwa juu ya uso safi huweza kudumu miezi minne hadi sita. Hupakwa kwa urahisi, na kosa la mpakaji huweza kufutwa siku ile ile.

(c) Silika. Hizi huuzwa kwa majina yenye neno "seramiki". Ni kimiminika ambacho, kikikutana na unyevu wa hewa, hujenga mtandao wa silika, ndugu wa kioo. Utando wake una unene wa mikromita 1 au 2 hivi, au pungufu. Hustahimili joto na sabuni kali kuliko nta na polima, na huweza kudumu mwaka mmoja hadi miwili au zaidi kama ulipakwa vema na kutunzwa. Una masharti magumu: uso usiwe na mafuta hata kidogo, kazi ifanyike kivulini, na ziada ifutwe mapema, kwa maana ukikaza umekaza, na kuuondoa ni kwa kusaga. Tena chupa iliyokwisha kufunguliwa huganda, kwa kuwa unyevu umeingia.

6. Madai ya kupimwa kwa akili

Chupa nyingi huandikwa "9H". Msomaji asidhani kwamba hiyo ni 9 ya Mohs, iliyo karibu na almasi. Ni kipimo cha penseli: uso haukukwaruzwa na penseli ya risasi ngumu iitwayo 9H. Penseli hiyo ni laini kuliko mchanga wa Zinga. Kinga yenye alama hiyo bado itakwaruzwa na mchanga.

Dai la pili ni kuzuia miale ya urujuanimno. Mwanga hupungua kadiri unavyopita katika unene wa kitu kinachoufyonza. Tabaka angavu la mikromita 40 lina njia ndefu ya kuufyonza. Utando wa mikromita 1 una sehemu moja ya 40 ya njia hiyo. Kivuli cha banda kinalinda kuliko chupa yoyote.

Dai la tatu ni kuwamo kwa ile plastiki isiyonata inayopakwa ndani ya vikaango. Plastiki hiyo huyeyuka katika nyuzi 327, na kiwandani hushikishwa kwenye kikaango kwa joto kubwa la namna hiyo. Boneti haifiki huko. Kuwamo kwake ndani ya kopo si uthibitisho kwamba itashikamana na rangi.

Dai la nne ni maji kukusanyika kama shanga. Tone likisimama kwa pembe ya mgusano inayozidi nyuzi 90, uso unayakataa maji. Hiyo ni dalili nzuri kwamba kinga ingalipo. Lakini kwa anayeosha kwa maji ya kisima, shanga zisipofutwa upesi hukauka na kuacha kila moja duara lake la chokaa, na juu ya weusi maduara hayo huonekana kuliko penginepo.

7. Jinsi ya kuchagua

Tuanze na hesabu. Bei zifuatazo ni za kubuni kwa ajili ya zoezi tu. Mwanafunzi aweke bei za mahali pake. Tuseme kupaka nta mara moja hugharimu shilingi 12,000 na hudumu mwezi mmoja na nusu. Kupaka polima hugharimu shilingi 30,000 na hudumu miezi mitano. Kupaka silika, pamoja na fundi, hugharimu shilingi 300,000 na hudumu miezi 20. Gharama kwa mwezi itakuwa shilingi 8,000 kwa nta, 6,000 kwa polima, na 15,000 kwa silika. Sasa tuhesabu pia mara ambazo gari litasuguliwa kwa ajili ya kupaka: kwa mwaka mmoja nta mara 8, polima mara mbili au tatu, silika chini ya mara moja.

Kutokana na hesabu hii, na yale tuliyoyasema juu ya joto, naweza kushauri hivi. Mwenye gari jeusi anayeosha mwenyewe kwa maji ya kisima, na gari lake hulala nje, achague polima. Likitokea kosa halimgharimu sana, na chokaa ikiganda juu yake, tabaka hilo huondoka na kupakwa upya bila kuisaga rangi. Mwenye banda, maji laini na fundi mwenye mahali safi, na ambaye atalitunza gari hilo kwa miaka mingi, anaweza kuchagua silika. Nta ibaki kwa siku ya sherehe. Na ambaye tabaka angavu la gari lake limekwisha kubanduka asinunue chochote kati ya hivi. Aweke akiba ya kupaka rangi upya. Gari lililopuliziwa rangi karibuni katika gereji za kwetu lisipakwe kinga kabla ya siku 30 au zaidi, ili viyeyusho vilivyomo vipate kutoka.

Kuchagua ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni maandalizi, kama jahazi linavyokwanguliwa kabla ya deheni. Kwanza gari limwagiwe maji mengi ili chumvi na mchanga viondoke kabla ya kuguswa. Lioshwe kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia sponji. Likaushwe kivulini. Kama ni lazima kupiga polishi, ipigwe mara hii moja tu, kwa polishi laini. Kisha mafuta ya polishi yafutwe kwa spiriti iliyozimuliwa kwa maji, ndipo kinga ipakwe, nyembamba. Wakati mzuri ni asubuhi baada ya umande kukauka, bati likiwa baridi mkononi. Miezi ya Juni na Julai, masika yakiisha kupita, ndiyo inayofaa zaidi.

Baada ya hapo adui mkubwa ni sabuni ya unga. Sabuni hiyo ni alkali, yenye pH ya kati ya 9 na 11, na imetengenezwa makusudi kuondoa mafuta katika nguo. Nta huondolewa nayo kama mafuta mengine, na polima hudhoofika. Sabuni maalumu ya magari, yenye pH iliyo karibu na 7, hurefusha maisha ya kinga kuliko kununua kinga ya bei kubwa zaidi. Kwa suuzo la mwisho, maji ya mvua yaliyokingwa ni bora kuliko ya kisima.

8. Majaribio ya shuleni

Jaribio la kwanza: joto. Chukua makopo mawili ya maziwa yanayolingana. Moja lipake rangi nyeusi na jingine nyeupe. Jaza maji ya kiasi kimoja, weka kipimajoto katika kila kopo, na uyaache juani. Andika jotoridi kila baada ya dakika 10 kwa muda wa saa moja na nusu, kisha chora grafu.

Jaribio la pili: nta. Weka juu ya bati jeusi kipande cha nta ya nyuki na kipande cha mshumaa, vyenye ukubwa mmoja, saa sita mchana. Kipi kinalegea kwanza? Je, kuna nta iliyosalia na umbo lake?

Jaribio la tatu: uimara. Mwombe fundi wa gereji boneti ya zamani yenye rangi nyeusi. Ioshe na kuifuta kwa spiriti, kisha igawe kwa gundi ya karatasi katika sehemu nne. Ya kwanza iachwe bila kitu, ya pili ipakwe nta, ya tatu polima, na ya nne silika kama ipo. Kila sehemu igawanywe tena mara mbili: upande mmoja uoshwe kwa sabuni ya unga, mwingine kwa sabuni ya magari. Osha mara moja kwa wiki kwa muda wa muhula mmoja. Kila mara nyunyiza maji, tazama matone kutoka ubavuni, na uandike kama pembe ya mgusano inazidi nyuzi 90. Sehemu isiyopakwa kitu ndiyo kidhibiti. Bila hiyo jaribio halithibitishi lolote.

Jaribio la nne: chokaa. Acha matone ya maji ya kisima yakauke juu ya bati jeusi. Dondoshea siki iliyozimuliwa kwa maji ya kiasi sawa. Kama kuna chokaa, viputo vidogo vya kaboni dayoksaidi vyaweza kuonekana:

CaCO₃ + 2CH₃COOH → Ca(CH₃COO)₂ + H₂O + CO₂

Suuza kwa maji mengi mara moja. Siki isiachwe ikauke juu ya rangi.

9. Hitimisho

Miezi michache baadaye nilipita Zinga nikaliona lile gari la harusi. Kijana alikuwa amekwisha kumwuliza baba yake maswali yanayostahili. Gari lilikuwa likioshwa kila siku kwa sabuni ya unga na maji ya kisima, likakaukia juani, na kila Ijumaa likifutwa vumbi kwa kitambaa kikavu ili ling'ae kwa harusi ya Jumamosi. Tulijaribu siki iliyozimuliwa katika pembe moja ya boneti. Sehemu ya ule ukungu iliondoka mbele ya macho yetu, na weusi ukatokea. Iliyobaki ilikuwa mikwaruzo, ambayo ilihitaji polishi laini mara moja tu. Tabaka angavu lilikuwa zima bado. Mzee aliitazama pembe ile kwa muda mrefu, kisha akamwagiza kijana wake akaondoe kile kitambaa ndani ya buti.

Basi dawa ile ilikuwa sayansi. Ahadi ya miaka mitano, kwa gari jeusi, jua la Zinga na sabuni ile, ndiyo iliyokuwa uganga. Sayansi huanza pale mnunuzi anapouliza: kwa joto gani, kwa sabuni gani, kwa maji gani, na nani alipima?

Maswali

1. Eleza kwa nini mkwaruzo ule ule huonekana zaidi juu ya rangi nyeusi kuliko nyeupe.

2. Tabaka angavu lina mikromita 45. Kila polishi huondoa mikromita 3. Ni baada ya polishi ngapi litabaki theluthi moja tu?

3. Gari moja hulala chini ya mwembe, la pili juani, la tatu katika banda la makuti. Linganisha hatari zinazolikabili kila moja.

4. Ulizia bei za nta na polima katika duka lililo karibu nawe. Kokotoa gharama kwa mwezi, na utetee chaguo lako mbele ya darasa.

5. Kwa nini jaribio la tatu lina sehemu isiyopakwa kitu?